Kerneli Niliyoisimamisha Ijumaa

Mimi nina hasira za karibu, na aibu ni kwamba hunitoka mbele ya mtu asiyeweza kunijibu. Safari hiyo zilimwangukia muuguzi wa zahanati moja ndogo upande wa Magunga, mama wa makamo aliyekuwa akiniita nyathina, mtoto wangu, ingawa tulikuwa tunajuana kwa simu tu.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na nilikuwa nikifanyia kazi nyumbani, Rongo. Kule zahanati kulikuwa na kompyuta ndogo iliyofungwa ukutani kando ya friji ya chanjo. Stima ikipotea, hiyo kompyuta, yenye betri yake ndogo, ndiyo huhamisha friji kwenye betri kubwa. Sasa ikaanza kuganda ovyo. Nilishuku kerneli, kile kiini cha mfumo kinachoamrisha vingine vyote. Kiini kikiganda, hata mtandao unakufa nacho, kwa hiyo tulichomeka waya wa siriali, unaopitisha amri bila mtandao, kati ya kompyuta hiyo na kifaa kingine chenye laini ya simu. Kupitia waya huo niliweza kuisimamisha kerneli nikiwa Rongo, nikaichungulia ndani, halafu nikaiandikia amri ya kuendelea. Ikisimamishwa, kompyuta nzima inasimama. Haifanyi lolote mpaka uiambie.

Ijumaa moja jioni niliisimamisha. Nilikuwa nimekaribia kabisa kulishika kosa. Lakini sisi ni Wasabato, na jua likielekea kuzama kazi inawekwa chini. Mke wangu akaja mlangoni na kitabu cha nyimbo mkononi.

"Baba watoto, Sabato inaingia."

"Nimemaliza," nikasema, nikafunga laptop pap! Nilijiona mtakatifu kweli kweli. Ile amri ya kuendelea, neno moja tu, sikuiandika.

Jumamosi nilishinda kanisani, simu nimeizima. Kule stima ikapotea asubuhi, ikarudi jioni.

Jumapili muuguzi akanipigia. Friji ilikuwa imepata joto, chanjo zote zimeharibika, na kesho yake ni kliniki ya watoto. Sikumwacha hata amalize.

"Mama, mmechomoa waya wa betri ya friji! Nimewaambia mara ngapi msiguse hapo?"

"Sijui, nyathina. Labda tuligusa tukifagia."

"Basi andika hivyo kwenye ripoti."

Na akaandika, jameni. Aliniamini mimi kuliko macho yake mwenyewe.

Nilipokata simu ndipo nikafungua laptop. Kerneli ilikuwa pale pale nilipoiacha Ijumaa, inangoja amri yangu. Haikuwa imeganda. Hakuna aliyegusa waya. Wololo! Uso ulinichoma nikiwa peke yangu sebuleni. Nikaiandikia iendelee, ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Simu ilikuwa hapo kando yangu na sikuichukua. Nilijiambia ripoti imeshaenda, nikikiri leo nitaongeza tu vurugu. Huo ulikuwa uoga mtupu, na nilijua ni uoga. Siku nzima nilizunguka nyumbani nikigombeza watu.

Jumatatu nikashindwa kuvumilia, nikaenda. Nilikuta akina mama kwenye benchi na watoto mgongoni, na muuguzi akiwaambia mmoja mmoja warudi wiki ijayo. "Ni makosa yetu hapa," alikuwa akisema, "mtusamehe." Mkubwa wake alikuwa ameshampigia kutoka Homa Bay kumwambia ajiandae kuhamishwa, kwa uzembe. Hayo nilimsikia akimnong'oneza mama wa usafi kabla hajajua nimefika.

Niliposalimu akanitambua kwa sauti, akawageukia wale akina mama. "Huyu ndiye fundi wetu. Tumemharibia kazi, na bado amekuja kutusaidia." Wakanishukuru! Mmoja hata akanipisha kwenye benchi.

Nikamwomba tuingie ndani. Nilimwambia yote nikiangalia sakafu, Ijumaa, kerneli, Sabato, mpaka ile Jumapili niliyokaa kimya. Nikaomba karatasi nimwandikie mkubwa wake kwamba kosa ni langu peke yangu. Alinipa kalamu yake. Nilipomaliza akaisoma barua taratibu, akaweka kidole pale pa kutia sahihi.

"Nyathina, umefikiria vizuri? Uko na watoto. Usije ukapoteza kazi."

Mimi nilipomwambia aandike ile ripoti, sikumuuliza kama ana watoto. Nikatia sahihi, na nikashindwa kumtazama usoni.