Bunda la Bangi Kuukuu

Rahmuna alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa jana. Tangu aolewe akaletwa kwenye milima hii ya Rif, amekata bangi, amebeba bangi, amekausha bangi juu ya paa, mpaka harufu yake imeingia kwenye nguo, kwenye mkate, hata kwenye nywele za watoto. Watoto wenyewe walishavuka bahari kwenda Hispania kutafuta maisha, wakaishia kupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Alibaki yeye na mumewe Allal, na huyo Allal naye siku hizi alikuwa yupo hayupo.

Ugonjwa wa kusahau ulimwingia taratibu. Alianza kupoteza viatu, yakafuata majina ya majirani, mwisho akampoteza mkewe humo humo ndani ya nyumba. Alimwita "mama" kwa adabu zote, kama mgeni anavyomwita mwenye nyumba. Akipewa bakuli lake la bisara, supu ya maharage, anashukuru, kisha anauliza kama atasumbua akilala hapo. Hilo ndilo lililokuwa likimla Rahmuna. Kumwosha aliweza, kumlisha aliweza, kumfuata mlimani anapotoroka kwenye theluji pia aliweza, ingawa magoti yalimlilia. Alitaka kitu kimoja tu: mwanamume huyo amtazame na amjue, japo mara moja, kabla hajaenda zake.

Msimu huo ushirika wa wakulima wenye kibali cha kulima bangi ya dawa ulimleta mtaalamu, binti mmoja wa Fez aitwaye Naziha. Akazunguka nyumba kwa nyumba na swali lililowachekesha watu: nani ana bangi kuukuu?

"Kuukuu ya nini, binti yangu?" Rahmuna alimuuliza, akimmiminia chai. "Ikishazeeka hailewishi. Hapo sisi tunawashia tanuri."

"Hiyo ndiyo ninayoitafuta, mama. Mmea huo haubebi kitu kimoja. Vimo vingi, na vingine havilevyi kabisa, ila miaka yote watu wameshughulika na kile kinacholevya. Sasa, hicho chenyewe kikikaa miaka, kikipigwa na hewa na mwanga, kinageuka kuwa kingine. Hicho kingine wamekijaribu maabara kwenye seli za ubongo. Seli zilizokuwa zinakufa zikachelewa kufa."

Rahmuna akaweka birika chini. "Ubongo wa nani?"

"Si wa mtu. Ni seli tu, ndani ya kisahani." Naziha akamwangalia Allal, aliyekuwa akiizungusha glasi yake kama hajui ni ya nini, akaelewa, akajuta kusema. "Mama, nisikilize. Si dawa bado. Huenda isiwe dawa kamwe. Usije ukampa mzee."

"Nimesikia," Rahmuna alisema. Kusikia alisikia kweli.

Tatizo ni kwamba bunda la kwake kuukuu alishalichoma. Huku kwetu ukiezeka nyumba unaning'iniza darini bunda la mavuno yako ya kwanza, na lao Allal alilifunga kwa mikono yake mwenyewe. Kipupwe kilichopita kuni zililowa, Rahmuna akalishusha, akaokea mkate. Na mkate wenyewe uliungua. Alipokumbuka hayo alikaa kizingitini akacheka kicheko kisicho na raha. Mjinga mimi, akajisemea, dawa ya mume wangu nimeitia motoni.

Kuanzia hapo akawa mtu wa kubisha milango. Kila nyumba jibu lilikuwa lile lile: tulishachoma. Aliyebaki na bunda alikuwa shoga yake Yamna tu, mjane wa ng'ambo ya bonde, tena alilibakiza kwa uvivu tu wa kupanda ngazi.

"Unataka kulewa uzeeni?" Yamna alimtania.

"Nataka kupumzika, Yamna."

"Hiyo hata panya wameikataa. Lichukue, unipunguzie vumbi."

Akalibeba mgongoni, akapanda mlima kwa kupumzika kila penye jiwe. Lakini bunda ni majani na mabua tu, ukitaka kilichomo sharti ulipige. Unatandaza kitambaa chembamba juu ya beseni, unaweka majani, unafunika, unapiga kwa fimbo mbili mpaka unga uchujike chini. Kazi hiyo ni ya wanaume, na Rahmuna hakuwahi kuzishika fimbo hizo maishani. Zamani wakati wa baridi bonde zima lilikuwa likivuma, na kila nyumba ilikuwa na mdundo wake, kwa kusikia tu ulijua huyu ni fulani. Wa Allal ulikuwa na kituo kidogo katikati, kama mtu anayevuta pumzi. Miaka nenda miaka rudi Rahmuna alikanda unga wake wa mkate jikoni akiufuata mdundo huo.

Akakaa chini, akaanza kupiga. Maneno ya Naziha aliyakumbuka, akayasukuma kando. Kijiko kimoja kwenye chai kitamdhuru nini mtu aliyekwishajisahau? Mikono ikamuuma upesi. Machozi yakamtoka, wala hakuhangaika kuyafuta.

Allal, aliyekuwa amejikunyata penye jiko, akainua kichwa. Akasikiliza, uso umekunjamana kama wa fundi anayeona kazi ikiharibiwa.

"Sivyo, mama," alisema. "Unapiga kama unaua nyoka."

"Basi nifundishe."

"Aa, usijisumbue. Mwite mke wangu. Rahmuna hajawahi kushika fimbo, lakini mdundo wangu anaujua. Mimi nilikuwa napiga, na yeye huko jikoni anakanda unga kwa kunifuata. Sikumwambia kwamba namsikia." Akatazama mlangoni. "Amekwenda wapi huyu mwanamke? Nimemngoja sana."

Fimbo zikamtoka Rahmuna mikononi. Angeweza kumwambia, ni mimi. Lakini hilo alishalisema mara ngapi, na kila mara mzee alimtikisia kichwa kwa huruma. Alikuwa amechoka kujitambulisha ndani ya nyumba yake.

Akasimama, akatoka nje kwenye baridi, akaufunga mlango. Akajifuta uso kwa theluji, akaufunga upya mtandio wake. Kisha akabisha, akaingia.

"Nimekuja," alisema.

Allal akamtazama kwa muda.

"Umechelewa," akasema, akasogea kumpa nafasi penye beseni. "Kaa. Kuna mama mmoja hapa ameniharibia kazi."

Rahmuna akakaa, akaziokota fimbo, akampa.

"Namjua," alisema. "Msamehe. Amechoka."