Mheshimiwa Verlyn na Sheria ya Mabata Bukini

Verlyn Haugstad hakuingia kwenye siasa, aliingizwa na mkewe. Kila majira ya baridi, shamba likiwa chini ya theluji, alikuwa akishinda jikoni kumkosoa Ardis anavyomenya viazi. Mama wa watu akachoka, akamtia kwenye kinyang'anyiro cha Bunge la jimbo.

"Linakaa baridi nzima," Ardis aliwaambia wenzake kanisani. "Na liko mbali."

Mji mzima wa Nordby ukampa kura Verlyn kwa kumhurumia Ardis.

Bungeni alikuwa mpole, mla vizuri. Alasiri moja, nyama na viazi vya oveni vikiwa vimemlegeza, usingizi ukambeba katikati ya mjadala. Mswada wenyewe ulikuwa wa kukataza watu kuwafukuza mabata bukini kwenye viwanja vya umma. Kengele ya kura ikalia. Verlyn akashtuka, kiwiko chake kikatua kwenye kitufe cha kijani cha kura ya ndiyo, na mswada ukapita kwa kura moja. Wenzake walipokuja kumpa mkono, aliona haya kusema alikuwa amelala. Akasimama, akatoa hotuba ndefu ya kuwasifu mabata, na gazeti likaichapa yote.

Barafu ilipoyeyuka, mabata wakashuka Nordby kama wakwe waliokaribishwa. Wakateka uwanja wa besiboli, wakaweka kambi mlangoni pa posta, na bibi harusi mmoja akateleza kwenye mavi yao, shela na kila kitu, mbele ya kanisa.

Baridi iliyofuata, Verlyn akarudi Bungeni kuomba sheria ifutwe.

"Mheshimiwa, unawakana wanao?" wakamcheka. "Tusomee ile hotuba yako bwana, tulie kidogo!"

Uchaguzi uliofuata aliangushwa vibaya na daktari wa meno, Corinne Bjugstad, ambaye bango lake lilikuwa na picha ya soli ya kiatu iliyopakaa mavi tu. Kila mtu alielewa.

Verlyn alikaa nyumbani na aibu yake hadi sikukuu ya uhuru. Asubuhi hiyo, watu wakiwa wamejipanga kutazama gwaride na mabata wameziba barabara, uvumilivu ukamwishia. Akachukua mashine ya kupulizia majani, akawavamia.

"Tokeni! Mimi ndiye niliyewaleta!"

Dume moja kubwa likainua shingo, likamtazama, likamfuata. Kundi lote likafuata. Mheshimiwa akakimbia barabara nzima, bendi ikiwa bado inapiga, akaishia juu ya paa la gari la polisi la sherifu, suruali ikiwa imenyofolewa kipande.

"Shuka, mzee," akasema sherifu, akijitahidi asicheke. "Kufukuza mabata ni kosa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeipitisha sheria."

Mahakamani, hakimu akauliza nani aliyeshuhudia. Ukumbi mzima ukanyoosha mikono.

"Mheshimiwa hakufukuza bata yeyote," akasema yule bibi harusi. "Yeye ndiye aliyefukuzwa."

"Kweli kabisa!" wakaitikia wote, hata Corinne.

Kesi ikatupwa. Walimbeba Verlyn juujuu hadi mgahawani, wakamnunulia pai ya tufaha, na kabla hajaimaliza kuna waliokuwa wakimsihi agombee tena. Akafuta mdomo, akakohoa kidogo kama mtu anayetaka kuanza hotuba.

"Keti, baba," akasema Ardis.

Akaketi.