Filimbi ya Mbao ya Bi Winifred

Ngazi za jengo letu kule Tottenham zilinuka kabichi ya kuchemsha, lakini ukifika ghorofa ya pili, mlangoni kwa Bi Winifred, ulipokewa na harufu ya mafuta ya lozi. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa muziki, na kila alasiri aliipaka filimbi yake ya mbao mafuta hayo taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tulihama Unguja baada ya Mapinduzi, na baba, aliyekuwa mpiga nai, ile filimbi ya mwanzi, katika kikundi cha taarabu, aliiacha nai yake huko pamoja na vyombo vyetu vyote. London alifua mashuka hospitalini. Muziki hakuutaja tena, na mama alitukanya tusimuulize.

Siku moja ya Ramadhani mama alinituma nimpelekee jirani sahani ya kaimati. Bi Winifred alinikaribisha ndani, akanionyesha picha ya mwanamume aliyevaa wigi jeupe. Aliniambia kuwa mtu huyo aliishi karne ya kumi na nane, mtoto wa mfumaji; alikimbia vita kwao, akaja kupiga filimbi mbele ya wafalme wa nchi za watu. Uzeeni meno ya mbele yalimng'oka, pumzi ikawa inampotea, asiweze kupiga tena. Ndipo alipotunga kipande kimoja cha muziki ili wengine wampigie. Bi Winifred akaanza kukipiga. Nilisahau sahani, nikasahau hata saumu yangu. Katikati akakoma, vidole vimemkakamaa.

"Mwisho wake siufikii siku hizi," alisema.

Nilimsimulia baba yote. Akauliza, "Meno yalimtoka, na bado akatunga?"

Kesho yake alivaa kanzu yake safi, akashuka nami hadi kwa Bi Winifred. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo nikawa mkalimani.

"Mwambie nataka kukipiga kipande hicho hadi mwisho, ila noti zao sizijui. Aniimbie, nitamfuata."

Nai hupulizwa kwenye ncha, filimbi ile hupulizwa ubavuni. Kwa siku nyingi baba alitoa upepo mtupu, na mimi niliona aibu kwa niaba yake. Hakukata tamaa. Kila alipotoka kazini alipitia pale, Bi Winifred akimwimbia sentensi moja moja, hadi Jumapili moja baada ya Idi alipokipiga kipande chote. Sauti ilipanda, ikatetemeka, ikateleza baina ya noti kama waimbaji wa kwetu wanavyofanya. Mama, aliyekuja kutuita chakula, alibaki amesimama mlangoni, machozi yakimtiririka.

"Mwambie ametia sauti ambazo hazikuandikwa," alisema Bi Winifred.

Baba aliinamisha kichwa. "Mwombe radhi."

"Mwambie asiziondoe."

Sasa nina umri unaozidi ule wa baba wakati huo, nami napiga filimbi katika okestra. Noti nazisoma kama gazeti. Binti yangu ana rekodi kumi za kipande kile kwenye simu, na anajua ipi ni sahihi kuliko zote. Nimekipiga kumbini mara nyingi bila kosa hata moja, na watu wamesimama kunipigia makofi. Lakini kila nifikapo mwisho najua kwamba baba, na mikono yake iliyochubuliwa na sabuni, alikwenda mahali ambapo mimi bado sijafika.