Kadi Safi ya Bibi

Usiku ule nililala nimeshaidanganya simu. Sukari ilikuwa imenianza, na nesi wa kliniki alinifundisha kuandika humo kila ninachokula, muda ninaotembea na uzito wa kila Ijumaa, kisha nimtumie. Mimi nikala maandazi manne harusini, nikaandika moja. Soda sikuitaja kabisa. Mficha maradhi kilio humuumbua, wenzangu nawaambia hivyo kila siku.

Bibi yangu mzaa mama akaingia bila kubisha hodi. Alishafariki miaka mingi, lakini hilo halikunishangaza. Nilishangaa tu kwamba anatembea kwa miguu miwili. Akakaa mkekani, akaniambia nimsomee simu, maana yeye kusoma hakujaaliwa. Nikasoma: uji bila sukari, mchicha, andazi moja, nusu saa ya kutembea. Kila chakula ninachosoma kinatokea kwenye sinia mbele yetu. Bibi anakula taratibu, anaramba vidole, anauliza mengine yako wapi. Namwambia ndiyo hayo hayo.

Mara tupo kliniki, kwenye benchi lile la mbao, naye ameshika kadi yake. Kadi ile naijua. Siku mbili kabla ya kupimwa Bibi alikuwa akijinyima, hata uji hagusi, ili sukari ishuke. Nesi anamsifu, anawatolea wagonjwa wengine mfano wake. Tukirudi nyumbani anadai chai ya vijiko vitano vya sukari, na mkorogaji nilikuwa mimi. Linaniuma hilo mpaka leo.

"Mke mwenzangu," ananiita kwa utani wake wa siku zote, "kadi yangu ilikuwa safi?"

"Safi sana, Bibi."

Akavuta kanga. Mguu wa kulia, kuanzia gotini, haupo.

"Basi walikata mguu wa nani?"

Nikaamka kumeshapambazuka. Sikulia. Nilijikasirikia, na hasira ile ikaninyanyua kitandani. Nikachukua simu, nikafuta andazi moja nikaandika manne, nikaongeza soda mbili, na ile nusu saa ya kutembea nikaifuta yote. Nikapanda mizani: kilo mbili zimeongezeka. Nikaziandika hivyo hivyo, nikamtumia nesi, nikavaa raba.

Nipo mlangoni, jibu likaingia: "Sasa nitajua namna ya kukutibu."

Nikatoka kutembea, kwa miguu yangu yote miwili.