Pua ya Mtaa

Mama mkwe wangu alipohamia kwetu, mtaa mzima ulimwita Bibi Pua, na hakuna aliyekusudia kumtukana. Sisi tuliozaliwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri tulikuwa na pua za kushikilia miwani tu. Magari yalipoachana na mafuta, betri zilizochakaa za dunia nzima zililetwa kwetu, na mvuke wake uliua uwezo wa kunusa kabla mtoto hajajua kusema vizuri. Yeye alikuja akiwa mtu mzima, kutoka mahali penye hewa, kumfuata mwanawe aliyenioa, dereva wa safari za mbali asiyekaa nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Tanuri lilikuwa uani, saa hakuwa nayo, na hakuwahi kuunguza hata mkate mmoja. Angekaa anapiga soga, halafu katikati ya neno anainuka. "Imeiva."

"Bibi, kwani mikate inakuita kwa jina?" fundi viatu, jirani yetu, alipenda kumtania.

"Inaniita. Ila wewe unanuka gundi mpaka siisikii vizuri."

Ule mvuke haukuonekana kwa macho. Vipima hewa vilivyofungwa kwenye nguzo vililiwa na kutu upesi, kwa hiyo kipimo kikawa yeye. Kila jioni alisimama mlangoni akavuta pumzi. Akiisikia ile harufu, ambayo alituambia ni kama ya kitunguu saumu kilichooza, aligonga ringi la gari lililoning'inia pale. Nasi tulifunga madirisha na kuziba nyufa kwa vitambaa vibichi. Jioni za kutogonga zilikuwa chache mno.

Kisha ikaja jioni asiyogonga, ikafuatiwa na nyingine, na nyingine. "Hewa imetulia," alisema, naye mwenyewe alishangaa. Mwenyekiti wa mtaa akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba kiwanda kimesikia kilio chetu. Wazee wakasema si mnaona, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Fundi viatu alisogeza kitanda chake dirishani, akasema kwa mara ya kwanza maishani analala kama tajiri. Mimi nilitokwa na machozi ya furaha nilipomfungulia mwanangu dirisha, mtoto ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa.

Mtoto ndiye aliyegoma. Kila jioni nikimpeleka dirishani alikunja uso, akaufukia kifuani kwangu na kulia.

"Meno hayo, mwanangu," mama mkwe alinituliza. Nikaridhika. Nani angemsikiliza mtoto mchanga mbele ya Bibi Pua?

Asubuhi moja tulikuwa uani tunakanda unga. Mama alikuwa ananisimulia jinsi mume wangu alivyokuwa mtundu utotoni, mara nikaona moshi mweusi ukitoka tanurini.

"Mama, mikate."

"Bado hiyo," akasema, akiendelea kukanda.

"Mama, tazama."

Akageuka. Akafungua tanuri, akatoa mkate mweusi kama mkaa, akauleta puani na kuvuta pumzi. Akavuta tena. Akaukandamiza usoni mpaka masizi yakamwingia mdomoni. Sijawahi kumwona mtu akitafuta kitu namna ile.

"Tangu lini, mama?"

"Sijui. Nilidhani hewa imepona."

Alitoka mbio bila viatu, akaligonga lile ringi mpaka mikono ikachubuka. Milango ikafunguka mmoja mmoja, watu wakauliza kulikoni. Mlango wa fundi viatu haukufunguka. Tulimkuta amelala chini ya dirisha lake la kitajiri, midomo imebadilika rangi, mwili umeshapoa. Nilikasirika, na hadi leo hasira hiyo haijanitoka. Zimwi lile lilimjua tangu utotoni, na lilimla likammaliza.

Baada ya mazishi, mwenyekiti alikuja na majirani. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe.

"Mama, bila kipimo tutakwisha. Tumesikia mjukuu wako bado ananusa. Si kazi kubwa. Jioni awekwe dirishani, sisi tumtazame uso. Akilia, tunagonga."

Wanawake wenzangu, waliozaa kama mimi, waliitikia kwa vichwa. Nikamkumbatia mwanangu.

"Na pua yake ikifa?" mama mkwe aliuliza. "Mtaenda kumwomba nani mtoto?"

Jioni ile mama alisimama mlangoni, hakuvuta pumzi, akagonga. Kesho yake akagonga tena, na kila jioni iliyofuata. Mwenyekiti alipomuuliza anagonga kwa harufu gani, alimwambia, "Sisikii harufu yoyote. Ndiyo maana nagonga."

Tulihama mapema, mwanangu hajaanza hata kutembea, tukaenda mbali, mahali wasipolijua jina la kiwanda kile. Mama alikataa kuliacha ringi lake, nasi tulimcheka kidogo. Anaoka tena. Mjukuu wake, ambaye sasa anakimbia, ndiye humwambia imeiva, naye huinuka papo hapo bila kubisha.

Jana jioni mtoto alikuwa akicheza mlangoni. Akaacha kucheza, akakunja uso uleule.

"Bibi, nani ameozesha kitunguu?"

Mama akaweka unga chini, akaenda kulivuta ringi uvunguni mwa kitanda.