Kabati Lililohamia Sebuleni

Mimi sivumilii nguo iliyokunjwa vibaya. Ni ugonjwa niliourithi kwa mama yangu, aliyeuza mitumba katika soko la Kitale tangu nikiwa mdogo, na ambaye hakukubali shati lilale kwenye meza yake huku mikono ikining'inia. Kwetu Kibomet tulipanga nguo kila Jumamosi, tupende tusipende: za kuvaa huku, za kushona huku, za kutoa kule mlangoni. Nilipoolewa, kitu cha kwanza nilichofanya katika nyumba ya mume wangu ni kumwaga masanduku yake sakafuni na kuanza upya. Alicheka. Angejua ugonjwa ule ungenifikisha wapi, asingecheka.

Mume wangu ni Mbukusu wa Bokoli, upande wa Bungoma, nami ni Mkikuyu niliyezaliwa Trans-Nzoia. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ndoa kama yetu haikuwa ajabu, lakini haikukosa watu wa kuitikisia kichwa. Wa kwanza wao alikuwa dada mkubwa wa baba mkwe wangu, ambaye sote tulimwita senge, yaani shangazi. Boma lake lilipakana na la wakwe zangu, na siku ya harusi alisema waziwazi kwamba watu wa kwetu wanajua kulima na kuuza lakini hawajui kuogopa. Nilidhani ananisifu.

Mama mkwe wangu hakusema lolote siku ile. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa ya jembe, kiongozi wa akina mama kanisani, na alizungumza taratibu kiasi kwamba mtu mwenye pupa kama mimi humalizia sentensi zake kabla hajafika. Mara nyingi nilizimalizia vibaya.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano wa siku tatu Webuye. Mume wangu alikuwa kazini Kitale, kwa hiyo nikatumwa mimi Bokoli, na mtoto mgongoni, nimtazamie mzee na ng'ombe. Siku ya pili asubuhi baba mkwe, karani mstaafu asiyependa maneno mengi, alitoka kupeleka ng'ombe josho. Nikadeki sebule, nikadeki ukumbi mwembamba wa kwenda vyumbani. Mlango wa chumba cha wazazi ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa ameondoka mbiombio kuwahi gari, na ndani nikaliona kabati la nguo, la mvule, refu karibu liguse dari, mlango wake umekataa kufunga. Mkono wa koti ulikuwa umechomoza nje.

Nilipita hapo mara tatu na ndoo yangu. Mara ya nne niliingia.

Kwetu Kibomet wake za kaka zangu huingia chumba cha mama kuchukua funguo, chumvi, hata kulala kidogo wakichoka. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwa Wabukusu mke wa mtoto hakanyagi chumba wanacholala wakwe zake, sembuse kushika nguo za mkwe mwanamume. Hawakuniambia kwa sababu haikuwajia akilini kwamba kuna binadamu asiyejua. Ni kama kumwambia mtu asiweke viatu kwenye sufuria ya ugali.

Basi nikamwaga kila kitu kitandani. Leso zilikuwa nyingi, nyingine bado na gundi ya dukani. Kulikuwa na blanketi, sare tatu za akina mama wa kanisa, shali ya kumfunikia mtoto mchanga, kaptura za shule za wavulana ambao sasa walikuwa na ndevu, ripoti za shule ndani ya mkebe wa biskuti, na mifuko ya karatasi ndani ya mifuko ya karatasi. Kulikuwa pia na suti za mzee, tai zake, mashati, fulana na mengine ambayo nisingeyataja hata leo. Nilikaa kitandani, mtoto akilala kando yangu, nikakunja kama mtu anayelipwa. Nguo za mzee juu, za mama katikati, za kutoa kwenye gunia. Nilikuwa nikiimba.

Nilikuwa na suruali ya baba mkwe mapajani nilipohisi mtu amesimama mlangoni. Alikuwa senge.

"Wewe!" akasema. Kisha kwa sauti ya kusikika hadi mtoni: "Wewe umekalia kitanda ya mkwe wako? Na hiyo umeshika ni nini? Ati umeshika suruali yake?"

"Ninapanga tu, senge. Kabati lilikuwa..."

"Toka! Toka huko! Mwacha mila ni mtumwa, lakini wewe hata hukuwa na ya kuacha!"

Nilitoka na suruali bado mkononi, jambo lililomfanya apige ukemi wa pili. Kufikia saa sita kila boma lilikuwa na habari. Baba mkwe aliporudi, dada yake alimwita pembeni. Sikuambiwa walichozungumza, ila mzee hakuingia chumbani mwake tena. Alilala kwenye kiti cha sebuleni, na kesho yake akavaa shati lile lile la josho, lenye harufu ya dawa ya kupe, kwa sababu mengine yote nilikuwa nimeyashika mimi. Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Uamuzi wa senge ulikuwa mfupi. Nirudi Kibomet, mtoto abaki, na nisionekane Bokoli mpaka watu wangu walete kondoo wa kutakasa nyumba na wazee wakae kuzungumza. Nilijua mama yangu. Angesikia kwamba binti yake amefukuzwa kwa kukunja nguo, angekuja na ulimi wake badala ya kondoo. Baada ya hapo ndoa isingebaki hata ya kuzungumziwa. Nilifunga mizigo yangu nikaiweka mlangoni pa jikoni, nikalia, na nakiri kwamba hata mizigo ile niliikunja vizuri.

Mama mkwe alifika saa tisa alasiri, na kibegi chake na sare yake ya kanisa. Alikuta senge na wanawake wengine wawili wameketi sebuleni, mzee nje chini ya paa la ghala, mimi jikoni na mtoto. Akaomba maji. Akanywa yote. Akasikiliza maneno ya senge mwanzo hadi mwisho bila kumkata hata mara moja. Kisha akaingia chumbani, nasi tukasikia mlango wa kabati ukifunguka, halafu ukifungwa. Ulifunga vizuri, bila kusukumwa kwa nguvu. Ukafunguliwa tena, ukafungwa tena.

Alipotoka aliniita. "Ile shati ya bluu ya mzee ulipata wapi?"

"Nyuma ya droo, mama. Ilikuwa imeanguka."

"Miaka nne natafuta hiyo shati," akasema, akimtazama senge badala yangu. "Nilidhani ni wewe ulipea kijana yako."

Senge akafungua kinywa. Mama mkwe alikuwa ameshatoka nje kuwaita vijana wanne waliokuwa wakipalilia mahindi ya jirani. Akawaambia waende wakatoe kabati. Waliuliza walipeleke wapi. Akaonyesha ukuta wa sebule, pale palipokuwa na meza ya redio.

Kabati lilikataa kupita. Ilibidi mlango wa chumba ung'olewe bawaba, na mmoja wa vijana akabanwa kidole, lakini mwishowe likasimama sebuleni na kila kitu ndani, jeusi na refu mbele ya wageni. Mama mkwe akapangusa mikono yake.

"Sasa," akasema taratibu, na kwa mara ya kwanza sikujaribu kumalizia sentensi yake. "Hii kabati si ya chumbani tena. Ni ya sebule. Vitu ya sebule kila mtu hushika, hata yeye. Mzee, kuja uchukue shati yako, hiyo inanuka."

"Na kitanda?" senge akauliza. "Si alikalia kitanda?"

"Kitanda nalalia mimi. Umesikia nikilia?"

"Na kondoo? Mila ni mila, bana."

Hapo nilidhani amepatikana. Lakini mama mkwe alitikisa kichwa kukubali, kwa heshima kabisa. "Ni kweli, kondoo lazima itoke. Nitatoa yangu. Ni mimi niliacha kabati wazi, na ni mimi sikufunza mtoto. Atarudishwa kwao kwa makosa yangu?"

Kondoo alitoka siku iliyofuata, dume mweupe aliyekuwa akimlea mwenyewe. Wazee walikuja, wakafanya yao, wakala, na senge akala kuliko wote. Hakuna mtu wa Kibomet aliyejua mpaka leo hii ninapoandika.

Jioni ile tukiosha vyombo, mama mkwe aliniambia bila kunitazama: "Usifikiri hukukosa. Ulikosa, tena mbaya sana. Sisi tunaogopana ndio tuheshimiane." Akasuuza sahani mbili. "Lakini kesho unionyeshe vile umekunja hiyo mashati."

Nimeishi na watu wengi wajanja. Sijaona mwingine aliyeweza kushika mila kwa mkono mmoja na mtu kwa mkono wa pili, asiangushe chochote.

Kabati lilikaa sebuleni miaka yote. Wageni walikunywa chai wakitazama suti za mzee. Kila nilipokwenda Bokoli tulilipanga pamoja, na ndipo nikajua kwamba siku ile nilivuruga mpangilio wake. Yeye alipanga nguo kwa kufuata zilikotoka: leso za mazishi fulani, blanketi la harusi fulani, shali ya mtoto aliyemzika. Mimi nilikuja na rafu za soko. Hakurudisha mpangilio wake wa zamani. Alisema wa kwangu unafunga mlango, na wa kwake uko kichwani hauchukui nafasi. Na mimi chumbani mwao sikukanyaga tena. Hata mlango ukiwa wazi nilipita nikitazama ukuta. Nilikuwa nimejifunza kuogopa, na najivunia kwamba alinifunza yeye.

Miaka hiyo ya elfu mbili ikielekea kwisha, kiharusi kilimlaza mama mkwe. Mzee alikuwa amehamia chumba cha pili. Wifi yangu ndiye aliyemwogesha mama na kumbadilisha nguo. Kazi yangu ilikuwa kutoa gauni safi kabatini, kulinyoosha, na kumpitishia wifi mlangoni. Nilisimama kwenye kizingiti, vidole vya miguu nje, nikijua kila kitu kilipo ndani ya kabati na nisijue yeye amelalaje.

Asubuhi moja wifi alikuwa mtoni. Nikamsikia mama akiniita kutoka ndani, sauti imelegea upande mmoja. Alitaka kubadilishwa. Nikafika mlangoni na gauni la maua, nikasimama.

"Ngoja wifi arudi, mama. Hayuko mbali."

"Ingia."

"Mama, siwezi. Unajua."

Nilidhani amechoka kubishana, nikataka kugeuka. Kisha akasema, taratibu kama kawaida yake, neno baada ya neno, nami nikangoja mpaka akamaliza.

"Kwani unafikiri ile kondoo nilitoa ya nini?"

Niliingia. Akasogeza mkono wake mmoja mzima juu ya shuka akanipisha, nami nikakaa kitandani.