Nakupata Vizuri Sana, Mzee

Watu watatu ndio waliotuponza mie na mke wangu, na nitawataja kwa kazi zao: fundi redio wa Mwenge, mwenyekiti wa chama chetu cha wapenda redio, ambaye ni mwalimu, na katibu, karani wa Kurasini, hukohuko ninakobeba mizigo.

Redio yangu, ya kuongea na wenzangu hewani, ni ya zamani. Fundi aliifungia kikasha cha kugeuza sauti iwe ya dijitali kabla haijarushwa. Kina skrubu ndogo ya kurekebishia nguvu ya sauti inayotoka. Unaigeuza polepole huku mwenzako upande wa pili anakwambia anasikiaje. Ikizidi, sauti haiwi kubwa, inakatikakatika. Fundi yeye akaizungusha mpaka ikagota. "Mtu mzima lazima ujae hewani, baba!" Nikamwamini.

Kila Jumapili tukiitana nilikuwaga nauliza, "Nasikikaje?"

"Nakupata vizuri sana, mzee wetu!" mwenyekiti anajibu.

"Kama uko sebuleni kwangu!" katibu anadakia.

Uongo mtupu. Walikuwa wanasikia mikwaruzo, ila wakaona kumwambia mtu wa umri wangu hasikiki ni kumkosea adabu.

Masika ya mwaka jana mto ukaingia kwetu bondeni, Temeke. Kabati likamwangukia mke wangu, likambana mguu. Simu hazishiki. Nikawasha redio kwa betri ya pikipiki.

"Maji yanapanda, mke wangu amebanwa, leteni watu na kamba!"

"Nakupata vizuri sana, mzee wetu! Sie wazima, ahsante kwa salamu. Poleni na mvua."

Nikarudia kwa kupayuka. Akaingia katibu, anacheka kabisa: "Tumekupata, mzee, tumekupata!"

Sikuelewa hizo salamu zinatoka wapi, lakini si wamesema wamenipata? "Vumilia, wanakuja," nikamwambia mke wangu. Nikaacha kuita majirani. Nikakaa nimemwinua kichwa, nawasubiri watu ambao hata hawakujua wanasubiriwa. Maji yalipomfika kidevuni ndipo nikapiga mayowe. Vijana wanaofyatua tofali hapo jirani wakavunja dirisha, wakalinyanyua kabati, wakatutoa.

Hospitali wakaukata mguu, chini ya goti. Ulibanwa muda mrefu mno, walisema.

Wakaja wote watatu kutupa pole, na mfuko wa mchele. Fundi akapitiliza kwenye kikasha, akairudisha skrubu nyuma bila kuniangalia usoni. Mke wangu akamgeukia mwenyekiti.

"Mwalimu, siku ile ulisikia nini?"

"Kwa kweli, mama... hata neno moja hatukulishika."

"Sasa mlikuwa mnajibu nini?"

"Ni heshima tu, mama. Mzee wetu huyu."

"Heshima?" nikamwambia. "Mngenitukana! Mngesema, we mzee husikiki, zima hilo dude lako. Ningekasirika wiki nzima, ningeshusha skrubu, na huyu angekuwa anakwenda sokoni kwa miguu yake."

Katibu akaanza kusema pole. Nikamwambia abebe mchele wake.